Daniel O'Connell, wakili wa Wakatolika wa Irlandi

1. Nchi yenye sheria mbaya

Magharibi ya Ulaya, ng'ambo ya kisiwa cha Uingereza, kuna kisiwa kingine kiitwacho Irlandi. Mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima, na majani hayakauki. Watu wake walipokea dini ya Kikristo zamani sana, siku za Mtakatifu Patrisi, na hata leo wanamheshimu kama baba yao katika imani.

Waingereza waliingia katika kisiwa hicho wakakitawala. Baadaye wafalme wa Uingereza waliliacha Kanisa Katolika, lakini Wairlandi wengi walishika imani ya wazee wao. Ndipo zilipotungwa sheria za kuwabana. Mkatolika hakuweza kununua shamba. Hakuweza kufungua shule, wala kumpeleka mtoto wake kusoma ng'ambo. Hakuweza kuwa mwamuzi, wala wakili, wala mkubwa wa askari. Hakuweza kuchagua mjumbe wa Bunge, wala kuwa mjumbe mwenyewe. Katika miaka mibaya zaidi mapadri walisoma Misa porini juu ya jiwe, na mtu mmoja alisimama kilimani kulinda njia. Mashamba mazuri yalikuwa mali ya mabwana wachache. Wakatolika waliyalima na kulipa kodi.

Katika nchi hiyo alizaliwa Daniel O'Connell. Hakuwa mfalme, wala mkubwa wa jeshi. Silaha zake zilikuwa mbili tu: elimu ya sheria na ulimi wake.

2. Mtoto wa Kerry

Daniel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1775, karibu na mji mdogo wa Cahersiveen, katika jimbo la Kerry. Baba yake aliitwa Morgan, na mama yake Catherine. Kwa desturi ya nchi ile, alipokuwa mtoto mchanga alipelekwa kulelewa katika nyumba ya mkulima maskini. Huko alikula chakula cha maskini, akajifunza Kiirlandi kabla ya kujua Kiingereza. Kwa hiyo alijua tangu utoto jinsi maskini wanavyoishi na wanavyosema, na jambo hilo lilimfaa maisha yake yote.

Kisha alichukuliwa na baba yake mkubwa, jina lake Maurice, aliyekuwa tajiri lakini hana mtoto. Nyumba yake ilikuwa Derrynane, kando ya bahari. Utajiri wake mwingine ulitoka katika magendo: merkebu zilifika toka Ufaransa na kushusha mvinyo na nguo pasipo kulipa ushuru. Watu wengi wa pwani ile walifanya hivyo. Sheria iliyowanyima haki hawakuiheshimu. Hayo ndiyo matunda ya sheria mbaya: huwazoeza watu kudharau hata sheria njema.

Daniel alipenda vitabu kuliko michezo. Sheria zilipoanza kulegea, padri mmoja, Padri Harrington, alifungua shule karibu na Cove, na Daniel alisoma huko. Mwaka 1791 baba mkubwa alimtuma Ulaya bara pamoja na ndugu yake. Walikwenda kwanza Ubelgiji, katika mji wa Liège, lakini walionekana wamepita umri wa kupokewa katika shule ile. Wakangoja Louvain mpaka barua ya mzee ilipofika, kisha wakaingia shule ya Saint-Omer, katika nchi ya Ufaransa, na baadaye Douai. Mkuu wa Saint-Omer alimwandikia mzee kwamba kijana huyu atakuwa mtu mkubwa.

Lakini Ufaransa ilikuwa imewaka moto wa maasi. Tarehe 21 Januari 1793 mfalme wa Wafaransa alikatwa kichwa mbele ya watu. Siku ile ile Daniel na ndugu yake waliondoka Douai kukimbilia pwani. Njiani watu waliwatukana na kuligonga gari lao. Vijana walikuwa wamebandika rangi za maasi kofiani ili wasiuawe. Merkebu ilipokwisha kuondoka, walizitoa rangi zile wakazitupa baharini. Tangu siku hizo Daniel alichukia kumwaga damu kwa ajili ya mambo ya utawala.

3. Wakili

Mwaka 1792 sheria moja ililegezwa: Mkatolika aliruhusiwa kuwa wakili. Wakili, ambaye sisi mara nyingi humwita avoka, ndiye anayemsemea mtu mbele ya waamuzi. Daniel alisoma sheria London, kisha Dublin, mji mkuu wa Irlandi. Akapokewa kuwa wakili tarehe 19 Mei 1798, mmoja wa Wakatolika wa kwanza kuipata kazi hiyo.

Siku chache baadaye vita vilizuka Irlandi. Wakulima walichukua mikuki, serikali ikaleta mizinga. Maelfu ya watu walikufa, na nchi haikupata faida yoyote. Tena, kuanzia mwaka 1801, Bunge la Dublin liliondolewa, na wajumbe wa Irlandi walipaswa kwenda London. O'Connell alikuwa amekwisha kusema hadharani mwaka 1800 kulipinga jambo hilo. Ndiyo hotuba yake ya kwanza mbele ya watu wengi.

Mwaka 1802 alimwoa binti wa ukoo wake, Mary O'Connell, kwa siri. Kwa desturi ya Ulaya ya siku zile, jamaa ya mwanamke ndiyo iliyotoa mali, na Mary hakuwa na kitu. Baba mkubwa alikasirika, akapunguza urithi wa Daniel. Lakini wao walipendana mpaka kifo, na watoto wao saba walikua.

Mahali pa urithi aliupata utajiri wa kazi. Aliamka kabla ya kucha, akasali, akasoma karatasi za kesi zake. Alipanda gari kwenda mji hata mji, mahali waamuzi walipokaa. Waamuzi wote walikuwa Waprotestanti, na maskini waliogopa kuingia barazani. Lakini O'Connell hakuogopa mtu. Sauti yake ilikuwa kubwa na tamu. Alijua sheria kuliko wengi wa waamuzi, na shahidi mwongo alitetemeka mbele ya maulizo yake. Lakini kwa sababu ya dini yake hakuweza kupandishwa cheo. Mawakili wadogo kwake kwa akili walipewa nguo za heshima, naye akabaki nyuma.

Sikilizeni habari moja ya kazi yake, ingawa ilitokea baadaye, mwezi wa Oktoba 1829. Watu wengi wa upande wa Doneraile walishtakiwa kwamba wamefanya shauri la kuwaua mabwana wa mashamba. Kesi yao ilikatwa katika mji wa Cork. Watu wanne wa kwanza walihukumiwa kunyongwa. Wengine waliongojea zamu yao walijua kwamba watakufa vilevile. Mjumbe alipanda farasi akaenda usiku mpaka Derrynane, mwendo wa kilomita zipatazo 140, akamwita O'Connell aliyekuwa akipumzika. O'Connell hakukawia. Alipanda gari dogo akasafiri mchana na usiku katika njia za milima. Alipoingia barazani asubuhi, kesi ya pili ilikuwa imeanza. Hakuwa amekula. Aliomba mkate na maziwa, akala huku akisikiliza. Kila mara wakili wa serikali alipokosea sheria, O'Connell alimkatiza, kinywa chake kikiwa bado kimejaa mkate. Kisha aliwauliza mashahidi maswali mpaka maneno yao yakapingana. Basi wale watu 12 waliowekwa kukata shauri hawakuweza kupatana, na washtakiwa wa zamu ile hawakuhukumiwa. Wa zamu iliyofuata waliachiliwa. Hata wale wanne wa kwanza hawakunyongwa, walihamishwa mbali.

4. Damu

Tusifikiri kwamba mtu huyo hakuwa na kosa. Alikuwa na ulimi mkali, na ulimi mkali ni kisu kisicho na ala.

Mwaka 1815 alilitukana baraza la mji wa Dublin, kwa sababu lilikuwa likiwapinga Wakatolika daima. Mtu mmoja wa baraza hilo, John D'Esterre, alimtaka wapigane kwa bastola. Hiyo ilikuwa desturi mbaya ya mabwana wa Ulaya: mtu akitukanwa, humwita mwenzake mahali pa faragha, wakapigana risasi mbele ya mashahidi. Kanisa limeikataza desturi hiyo, kwa kuwa ni dhambi ya kuua. O'Connell alijua katazo hilo, lakini aliogopa kuitwa mwoga. Akaenda. Risasi yake ilimpata D'Esterre, naye akafa siku ya pili baada ya hapo, akamwacha mke na watoto.

Mwaka ule ule O'Connell aligombana na Robert Peel, mkubwa wa serikali, wakapatana kupigana Ostende, katika Ubelgiji, kwa sababu sheria iliwazuia kwao. Lakini O'Connell alikamatwa London kabla ya kuvuka bahari, na vita hivyo havikufanyika.

Kisha toba ilimwingia moyoni. Aliahidi kutopigana tena, wala hakuivunja ahadi hiyo, ingawa adui zake walimcheka. Alitaka kumgawia mjane wa D'Esterre mapato yake. Mjane alikataa kwa nafsi yake, lakini alikubali binti yake asaidiwe. O'Connell alimlipia binti huyo kila mwaka mpaka mwisho wa maisha yake mwenyewe, miaka zaidi ya 30. Tena husimuliwa kwamba alipokwenda kupokea Komunyo, aliuvika glavu nyeusi mkono wake wa kulia, kwa sababu ndio uliomwua mtu.

5. Peni moja kwa mwezi

Wakati ule Wakatolika walikuwa wamekwisha kurudishiwa haki ndogo ndogo. Waliweza kununua shamba, na mwenye shamba la faida ya shilingi 40 kwa mwaka aliweza kuchagua mjumbe wa Bunge. Lakini mjumbe mwenyewe alipaswa kuwa Mprotestanti. Mabwana wachache wa Kikatolika walikuwa wakiandika barua za kusihi, mwaka baada ya mwaka. Barua zilipokewa, zikawekwa sandukuni.

Mwaka 1823 O'Connell na wenzake walianzisha Chama cha Wakatolika. Mwanzoni chama kilikuwa dhaifu mno. Sheria yake ilitaka watu 10 kila mkutano, na mara nyingi hawakutimia. Inasimuliwa kwamba siku moja mwezi wa Februari 1824 walikuwa wanane tu. O'Connell alishuka haraka katika duka la vitabu lililokuwa chini ya chumba chao, akawakuta mapadri wawili wakinunua vitabu. Mapadri wote walihesabiwa kuwa watu wa chama. Akawashika mkono, akawapandisha juu, na mkutano ukafunguliwa.

Katika mkutano huo alitoa shauri lake: kila Mkatolika, hata maskini kabisa, aingie chamani kwa kulipa peni moja kila mwezi. Peni ilikuwa fedha ndogo sana. Kila Jumapili fedha hizo zilikusanywa mbele ya mlango wa kanisa, na mapadri walisaidia kuziandika.

Wakubwa wengine walicheka. Walisema peni ya maskini itafanya nini? Kumbe haba na haba hujaza kibaba. Katika muda mfupi mapauni maelfu yalikusanyika. Fedha hizo zililipa mawakili wa maskini, magazeti na shule. Na faida nyingine ilikuwa kubwa kuliko fedha. Mkulima aliyetoa peni yake alianza kuuliza habari za chama, kwa kuwa sasa kilikuwa mali yake. Serikali ilikivunja chama kwa sheria mwaka 1825. O'Connell aliisoma sheria hiyo vizuri, akaanzisha chama kipya ambacho sheria haikuweza kukigusa.

6. Uchaguzi wa Clare

Mwaka 1828 mjumbe wa jimbo la Clare, bwana Vesey Fitzgerald, alipewa kazi kubwa serikalini. Kwa sheria ya nchi ilimpasa achaguliwe tena na watu wake. Alikuwa bwana mwema, wala hakuwachukia Wakatolika, na hakuna aliyefikiri kwamba atapata mpinzani.

Hapo O'Connell, wakili hodari, aliona tundu katika ukuta. Hakuna sheria iliyomkataza Mkatolika kusimama katika uchaguzi. Kilichomzuia ni kiapo cha kuingia Bungeni. Kiapo hicho kilimlazimisha mjumbe aseme kwamba Misa Takatifu ni ibada ya sanamu. Basi O'Connell alitangaza kwamba atasimama mwenyewe. Kama watu wakimchagua, itakuwaje? Serikali itamfunga mlango mjumbe aliyechaguliwa kwa haki?

Siku zile hapakuwa na uchaguzi wa siri. Mwenye kuchagua alipanda jukwaani, akataja kwa sauti jina la mtu amtakaye, na msimamizi wa bwana wa shamba alikuwa akimtazama. Mkulima aliyemtaja mtu mwingine asiyependwa na bwana wake aliweza kufukuzwa shambani na kupoteza nyumba yake. Wakulima wa Clare walijua hayo yote. Wake zao na watoto wao walijua pia.

Walikwenda mjini Ennis kwa makundi, mapadri wao wakiwatangulia. O'Connell alikuwa amewaomba wasinywe pombe wala kugombana, naam, wasinyoshe hata fimbo. Maelfu na maelfu ya watu walilala nje usiku wa siku zile za Julai. Askari walikuwa tayari, lakini hawakupata kazi. Mmoja mmoja wakulima walipanda jukwaani, wakalitaja jina la O'Connell mbele ya wasimamizi wao. Walipohesabu, Fitzgerald alikuwa na kura 982, na O'Connell 2,057.

7. Kiapo

Mkubwa wa serikali ya London alikuwa Wellington, yule aliyemshinda Napoleon mwaka 1815 huko Waterloo, katika Ubelgiji. Alikuwa askari, hakuogopa kitu kwa urahisi. Lakini aliona kwamba, akiwanyima Wakatolika haki yao, Irlandi nzima itachafuka, na yeye hakutaka vita vya ndugu kwa ndugu. Robert Peel, adui wa zamani wa O'Connell, aliona vivyo hivyo. Mfalme alikasirika, akalia machozi, lakini tarehe 13 Aprili 1829 sheria mpya ilithibitishwa. Tangu siku hiyo Mkatolika aliweza kuwa mjumbe wa Bunge na kupata karibu kila kazi ya serikali.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake. Siku ile ile serikali ilitunga sheria nyingine ya Irlandi: mwenye kuchagua awe na shamba la faida ya pauni 10 kwa mwaka, si shilingi 40. Pauni 10 ni shilingi 200. Kwa hiyo wakulima maskini, ambao kwa ushujaa wao Wakatolika walishinda, walinyang'anywa kura zao. O'Connell aliipinga sheria hiyo, lakini hakuweza kuizuia, na watu wengine walimlaumu kwamba hakupigana vya kutosha.

Tarehe 15 Mei 1829 O'Connell aliingia katika Bunge la London. Wakubwa walisema kwamba amechaguliwa kabla ya sheria mpya, kwa hiyo lazima aape kiapo cha zamani. Alikataa. Tarehe 19 Mei wakampa tena karatasi. Bunge zima lilinyamaza. Aliisoma polepole, kisha akajibu kwamba hawezi kuapa, kwa sababu katika karatasi ile kuna neno moja analojua kuwa si la kweli, na jingine analoamini kuwa si la kweli. Akatoka nje. Kama angesema maneno machache tu, angekaa katika kiti alichokitamani miaka yote. Lakini hakutaka kuingia kwa uwongo.

Watu wa Clare walimchagua mara ya pili, wala hapakuwa na mtu wa kushindana naye. Mwezi wa Februari 1830 alikaa katika Bunge, akiwa na umri wa miaka 54.

8. Mjumbe wa Bunge

Kazi ya wakili ni kutumia sheria zilizopo. Kazi ya mjumbe ni kutunga sheria mpya na kuziondoa zile mbaya. O'Connell aliiacha karibu kazi yake yote ya uwakili, na watu wa Irlandi walimchangia fedha kila mwaka ili apate kuishi na kufanya kazi yao.

Hakuwasemea Wakatolika peke yao. Alitaka Wayahudi pia wapewe haki, kwa kuwa aliamini kwamba serikali isimwadhibu mtu kwa ajili ya dini yake. Alipinga sheria iliyowalazimisha Wakatolika kulilipa Kanisa la Kiprotestanti fungu la mazao yao. Tena aliwatetea watumwa weusi.

Ninyi watoto wa Kongo mnajua kwamba zamani watu wengi wa Afrika, na wengi wao wa pwani ya Kongo, walivushwa bahari kwa minyororo na kuuzwa Amerika. Matajiri wa visiwa vya miwa walikuwa na rafiki zao katika Bunge la London. Inasimuliwa kwamba walimwendea O'Connell wakamwahidi kura za wajumbe 27 katika mambo ya Irlandi, kama akinyamaza juu ya watumwa. Alikataa. Mwaka 1833 Bunge lilitunga sheria ya kuondoa utumwa katika nchi za Waingereza, naye alikuwa mmoja wa waliolipigania jambo hilo.

Katika Marekani utumwa uliendelea. Wairlandi waliohamia huko walikuwa wakimtumia O'Connell fedha za chama chake. Yeye aliwaambia waziwazi kwamba utumwa ni dhambi, na wasijiunge na wenye watumwa. Wengi walikasirika, na baadhi ya vyama vyao vya kusini vilivunjika, fedha zikapotea. Hakubadili neno lake. Mwaka 1845 Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani, alifika Dublin akamsikia akihutubia. O'Connell alimkaribisha mbele ya watu wote, akampa jina lake mwenyewe, akamwita O'Connell mweusi.

9. Mkutano uliozuiwa

Mwaka 1841 alichaguliwa kuwa mkuu wa mji wa Dublin. Baraza lile lile lililowafungia Wakatolika mlango, na ambalo kwa ajili yake D'Esterre alikufa, sasa lilimwona Mkatolika katika kiti chake kikubwa.

Alibakiwa na shauri moja kubwa: Irlandi irudishiwe Bunge lake katika Dublin. Mwaka 1843 aliita mikutano mikubwa nchini kote. Siku ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, watu walikusanyika katika kilima cha Tara, mahali pa wafalme wao wa zamani. Misa zilisomwa kilimani asubuhi. Walikuwa wengi hata magazeti mengine yalitaja watu milioni moja, ingawa hakuna aliyeweza kuwahesabu.

Mkutano mwingine ulitangazwa Clontarf, karibu na Dublin, Jumapili tarehe 8 Oktoba. Jumamosi alasiri serikali iliukataza. Askari na merkebu za vita vilikwisha kuwekwa tayari, na watu toka mbali walikuwa wamekwisha kufika njiani. O'Connell alipaswa kukata shauri saa ile ile. Akiendelea, damu ya watu wasio na silaha itamwagika. Akiacha, ataitwa mwoga. Mwaka 1815 alikuwa ameogopa jina hilo, na mtu alikufa. Mara hii hakuliogopa. Aliwatuma watu juu ya farasi katika njia zote kuwarudisha watu makwao, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

Vijana wengine wa chama chake walimlaumu sana. Serikali nayo ikamshtaki, na mwaka 1844 akafungwa. Baada ya miezi mitatu, waamuzi wakubwa wa London waliona kwamba kesi yake haikukatwa kwa haki, wakamfungua. Lakini nguvu zake zilikuwa zimepungua, na Bunge la Dublin hakulipata.

10. Njaa na kifo

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi. Majani yaligeuka meusi, na viazi vilioza ardhini. Maskini wa Irlandi walikuwa karibu hawana chakula kingine. Njaa ilishika nchi kwa miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni walipanda merkebu kuhama.

Tarehe 8 Februari 1847 O'Connell alisimama katika Bunge mara ya mwisho. Sauti ile iliyosikiwa zamani juu ya vilima sasa ilikuwa kama mnong'ono, na wajumbe walisogea karibu wapate kusikia. Aliwaomba wawaokoe watu wake, akawaonya kwamba bila msaada robo yao watakufa. Msaada uliotolewa haukutosha.

Waganga walimshauri aende nchi yenye joto. Yeye alitaka kufika Roma, akamwone Baba Mtakatifu Pio IX kabla ya kufa. Hakufika. Alikufa Genoa, katika Italia, tarehe 15 Mei 1847, akiwa amepokea sakramenti za mwisho. Ilikuwa tarehe ile ile ambayo, miaka 18 nyuma, alikataa kuapa uwongo katika Bunge. Kama alivyotaka, moyo wake ulipelekwa Roma, na mwili wake ukarudishwa Irlandi. Alizikwa Glasnevin, katika makaburi ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuyafungua, ili watu wa dini zote wazikwe kwa sala zao pasipo kuzuiwa.

Irlandi ilipata serikali yake mwaka 1922, na mwaka 1924 njia kubwa ya Dublin ilipewa jina la O'Connell. Wasafiri wengi hupita hapo. Wachache hukumbuka wale wakulima wa Clare waliopanda jukwaani mbele ya wasimamizi wao. Lakini bila ushujaa wao, O'Connell angebaki wakili tu.

Maulizo

1. Taja haki nne ambazo Wakatolika wa Irlandi walinyimwa.
2. Daniel aliona nini Ufaransa, na jambo hilo lilimfundisha nini?
3. Kwa nini peni moja ya maskini ilikuwa na nguvu?
4. Wakulima wa Clare waliogopa nini walipotaja jina la O'Connell?
5. Kwa nini O'Connell alikataa kuapa tarehe 15 Mei 1829?
6. Mwaka 1815 aliogopa kuitwa mwoga. Mwaka 1843 alifanyaje? Ni siku gani alionyesha ushujaa wa kweli?
7. Eleza kwa maneno yako: kazi ya wakili, na kazi ya mjumbe wa Bunge.